Kwa Wanaoanza Kutengeneza Mota ya Sumaku

Vijana wengi wanaofika kwenye karakana za Katwe, hapa Kampala, wakiwa na sumaku zilizong'olewa kwenye spika na kompyuta mbovu, hutaka gurudumu litakalozunguka lenyewe bila betri wala mafuta. Ndugu unayeanza, kabla hujanunua sumaku nyingine, lipime kwanza gurudumu ulilo nalo.

Laza rimu ya baiskeli juu ya beringi nzuri, tia alama ya chaki ukingoni, isukume, kisha uhesabu mizunguko mpaka isimame. Baada ya hapo funga sumaku zako zote, nyingine kwenye rimu na nyingine zikiwa zimesimama pembeni yake, na urudie msukumo uleule. Utaiona rimu ikivutwa kwa kasi kuelekea sumaku ya pembeni, na mvuto huo ndio unaowapa wengi matumaini. Lakini ikishafika hapo hunaswa, huyumba mbele na nyuma, kisha hutulia. Nguvu iliyoivuta ikikaribia ndiyo inayoizuia ikitaka kuondoka, kwa hiyo mzunguko ukikamilika hakuna nishati ya ziada iliyopatikana. Kubadilisha pembe ya sumaku, au kukinga upande mmoja kwa bati, huhamisha tu mahali pa kunasia. Wapo watakaokutajia hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, aliyopewa mvumbuzi Howard Johnson nchini Marekani mwaka 1979 kwa mota ya sumaku, lakini hataza hulinda wazo la mvumbuzi, haithibitishi kwamba mashine inatoa nguvu.

Sikuambii uzitupe sumaku hizo, kwa maana zina kazi kubwa. Zipange kwenye rimu, ncha ya kaskazini ikifuatiwa na ya kusini, weka koili za waya wa shaba mbele yake, nawe utakuwa na jenereta. Hata bwawa la Nalubaale kule Jinja, lililozinduliwa mwaka 1954, hufuata kanuni hiyohiyo ya usumaku unaozunguka mbele ya koili, na nishati yenyewe hutoka kwenye maji ya Mto Nile. Izungushe rimu kwa mkono, kisha unganisha balbu ndogo ya tochi: mkono utahisi uzito ukiongezeka, na uzito huo ndio malipo ya mwanga unaouona.

Unapofanya kazi na sumaku za neodimiamu, zile ndogo zenye nguvu sana, vaa miwani, kwa sababu zikigongana hupasuka na vipande huruka. Usizichomelee, kwani sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu joto likizidi nyuzi 80 za Selsiasi. Zifungie mbali na watoto, maana mtoto akimeza mbili zinaweza kuvutana tumboni na kutoboa utumbo.