Kabla ya kufungua fomu, mtazame mtoto

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili alinipigia simu. Anajiandaa kwenda vijijini Nyando, kaunti ya Kisumu nchini Kenya, kufanya utafiti wa lishe ya watoto wa chini ya miaka mitano. Aliniuliza aanzie wapi, kwa sababu nimezunguka vijiji hivyo miaka kadhaa nikikusanya data, mizani begani na ubao wa kupimia urefu mkononi. Niliyomjibu nawaandikia na wengine mnaokaribia kwenda vijijini kukusanya data.

Mwaka wangu wa kwanza nilifika boma moja ng'ambo ya Ahero, mama akipepeta mchele uani, mtoto wa miezi kumi na minne amefungwa mgongoni. Nilimsomea fomu ya ridhaa, akatia sahihi, nikaanza maswali. Paa la nyumba ni la nini? Maji mnateka wapi? Choo mnatumia na akina nani? Yalikula karibu saa nzima, na kupima kuliwekwa mwisho kabisa wa dodoso. Muda wote huo mtoto alikuwa amelala, nami nikafurahi kwamba ni mtulivu. Nilipomzungushia utepe wa kupimia unene wa mkono kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mshale ulisimama kwenye rangi nyekundu: sentimita 11.2. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Hakuwa mtulivu, alikuwa amekwisha nguvu.

Mama akaniuliza, "Daktari, si yuko sawa?"

Nilimwandikia karatasi ya rufaa kama nilivyofundishwa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso. Ilikuwa Ijumaa alasiri na hakuwa na nauli ya bodaboda. Mradi haukuwa na senti ya jambo hilo. Aliyemwokoa mtoto yule ni nyamrerwa, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyefika jioni ile ile na kuwapeleka mwenyewe. Mtoto alianzishiwa lishe ya karanga ya pakiti na akapona. Saa ile niliyoipoteza nikiuliza habari za paa bado inaniuma.

Kwa hiyo mtazame mtoto kwanza. Ridhaa ikishapatikana, pima kabla ya maswali, hata kama dodoso limepangwa kinyume. Mwombe msimamizi wako alipange upya kabla halijafika kwenye kamati ya maadili. Hapo hapo weka nauli ya rufaa kwenye bajeti. Tembea na namba ya nyamrerwa wa kila kijiji, na ujue kituo kipi kinatoa lishe ya tiba na siku gani.

Ukiitwa daktari, kataa kwa upole pale pale. Mama anayedhani wewe ni daktari hukubali kila kitu akiamini mwanawe anatibiwa, na hiyo si ridhaa. Mweleze kwamba unakusanya habari, kwamba anaweza kukataa, na kwamba akikataa bado atahudumiwa zahanati kama kawaida. Kama mnachukua damu ya kupima, mwonyeshe kiasi kwa kitu anachokijua. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Hofu ya damu huku kwetu ni ya muda mrefu, na haiondolewi kwa kuharakisha watu. Mpe nafasi amuulize mumewe au mama mkwe. Rudi kesho.

Kuhusu vipimo, nitakuwa mkali kidogo. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelala, aliyefikisha miwili husimama. Kuna tofauti ya kama sentimita 0.7 kati ya njia hizo mbili. Mvue viatu, mwombe mama amshike kichwa huku wewe ukinyoosha magoti, pima mara mbili. Nimeona watu wakiandika kipimo cha pili bila kupima, jua likiwa kali na mtoto akilia. Msifanye hivyo, tafadhali. Utafiti wa WASH Benefits, uliojaribu maji safi, usafi na lishe kwa watoto huko Bungoma, Kakamega na Vihiga, uliandikisha zaidi ya wajawazito 8,000, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Klorini ya maji, vyoo bora na kunawa mikono havikuwaongezea watoto kimo. Palipoongezwa lishe ndipo wakarefuka, tena kidogo tu. Kidogo hicho kisingeonekana kama wapimaji wangekuwa wanakisia. Na wengi wetu tulikuwa na uhakika kwamba choo na maji safi vingetosha.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, barua ya kaunti, kumwona chifu na mzee wa kijiji, hayo mtaelekezwa chuoni. Ninachoona kinasahaulika ni kurudi. Mwaka jana bibi mmoja alinihesabia kwa vidole miradi iliyowapima wajukuu wake, akafika minne, na hakuna hata mmoja uliowahi kumwambia ulichokipata. Alikubali kushiriki wa tano, lakini kwanza alitaka kujua tarehe tutakayorudi. Sikuwa nayo. Nilimpigia msimamizi simu nikiwa pale uani, tukapanga baraza la kurudisha matokeo, bibi akamwita mjukuu aje kuiandika tarehe hiyo kwa makaa ukutani, kando ya mlango. Ndipo akaniletea mtoto nimpime.