Re: Programu ya kudarizi inadai paswedi ya adimini kila siku, nimpe tu kijana akaunti ya adimini?

Mkuu usimpe kwanza, hayo yamenikuta.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Tabora, nina mteja mama mmoja ana duka la sare za shule kule Ng'ambo, mashine yake ya kudarizi nembo inaendeshwa na kompyuta kama yenu. Siku ya kuinstoli adimini (akaunti yenye mamlaka yote ya kompyuta) ni lazima, hapo hakuna ubishi, maana programu inakuja na draiva, yaani kiprogramu cha kuongea na kifaa, ya mashine na ya kile kiflashi cha leseni, na draiva inaingia mpaka kwenye kiini cha Windows, ikiwa mbovu inaangusha kompyuta nzima unabaki unatazama skrini ya bluu. Tena inaandika kwenye Program Files, folda ya programu zote, na rejistri, daftari la mipangilio ya kompyuta nzima, huko mtumiaji wa kawaida anasoma tu haandiki. Sawa, paswedi mara moja yameisha.

Sasa ile ya kudai kila siku mara nyingi ni uvivu wa walioitengeneza. Enzi za Windows XP karibu kila mtu alikuwa anaingia kama adimini, basi wakazoea kutupa faili za kazi humo humo kwenye folda ya programu, Windows Vista ilivyoingia madukani 2007 na UAC yake, ile ya kuuliza ruhusa ya adimini, mlango ukafungwa, wengine mpaka leo wanagonga tu.

Kwa huyo mama fundi aliyenitangulia alikuwa ameweka tiki kwenye Run as administrator, yaani programu ifunguke kwa nguvu za adimini kila mara, mimi nikajifanya mjanja nikaitoa, programu ikafunguka freshi. Kijana akachora nembo ya shule, akaseva, akaenda kula. Mama anafungua kwa akaunti yake, nembo haipo! Na ni Januari, wazazi wamejaa dukani, mama anawaka kwamba kijana kafuta kazi, kijana anaapa mpaka machozi. Nikaja mbio na boda, tafuta tafuta, naikuta imelala kwenye AppData ya kijana, folda iliyofichwa ya akaunti yake, ndani ya VirtualStore. Yaani Windows ikiona programu ya kizamani inalazimisha kuandika pasiporuhusiwa haigombi nayo, inaiwekea nakala pembeni ya huyo mtumiaji peke yake, programu inaamini imeandika Program Files kumbe wapi. Dogo alikuwa mkweli, aliyemponza ni mimi.

Nilichofanya, niliingia kama adimini nikaenda kwenye kafolda ka michoro tu, Properties, Security, Users (watumiaji wa kawaida) nikawapa Modify, ruhusa ya kuandika na kubadilisha, nembo nikaihamishia hapo na VirtualStore nikaisafisha, ukiiacha kijana ataendelea kuona nakala yake ya zamani mgombane tena. Usifungue folda nzima ya programu, maana kirusi kikibadilisha faili lenyewe la programu, siku wewe adimini ukilifungua umekiruhusu kwa mkono wako. Kama hujui inakwama wapi shusha Process Monitor ya Microsoft, inaonyesha kila faili programu inaloligusa, ni bure, chuja ACCESS DENIED (imekataliwa) utaiona folda yenyewe.

Kuhusu kumpa adimini, mteja wangu mwingine alimpa, kijana akazima antivairasi ili kraki ya gemu iingie, wiki hiyo hiyo nikapiga Windows upya na nusu ya kazi zao hazikurudi.

Angalia kwanza kama ile tiki ipo, halafu tuambie michoro yenu inasevu folda gani.