Barabara ya mtaani siyo ya TANROADS

Ndugu, umeuliza kwa nini TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania) hawazibi mashimo ya mtaani kwenu ilhali barabara kuu iko mita 200 tu. Si yao hiyo ya mtaani. TANROADS wana barabara kuu na za mikoa. Za wilaya, mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017. Peleka malalamiko kwa meneja wa TARURA wa wilaya, tena na picha.

Kuhusu lami kubonyea kama godoro pale kwenye mlima, hapo ni uzito. Ekseli (mhimili unaoshika magurudumu) ikibebeshwa uzito mara mbili, madhara kwa barabara hayawi mara mbili, yanakaribia mara 16. Ndiyo maana ya mizani, na sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima. Gari dogo lako halina kosa (labda la kelele).

Ila mashimo mengi huanza na maji. Chungulia kalvati la karibu (njia ya maji inayopita chini ya barabara): chupa za plastiki, mchanga, pampasi. Maji yakikosa njia yanapita juu, yanakula bega la barabara, kisha lami inamong'onyoka kuanzia pembeni.