Mnaochora nje, haya majibu yenu

*Rangi ya akriliki inanikaukia kwenye sahani kabla sijachovya brashi. (Kigamboni)*

Toa kidogo kidogo, funika kwa kitambaa kibichi, na usikae kwenye upepo wa bahari.

*Mwalimu, shikamoo. Naweza kuchora mandhari kwa kuangalia picha ya simu? (Tabata)*

Marahaba. Swali hili haliishi! Chora, ila usiniambie umechora mwembe, umechora simu. Piga picha chini ya mwembe saa saba mchana uone: kivuli chote cheusi. Sasa kaa hapohapo na kigoda chako. Kuna ukijani wa majani, kuna wekundu wa udongo unaopanda kwenye shina, na pembeni bluu kidogo ya anga. Ndiyo maana mwanafunzi mgeni kwangu hupewa mche kabla ya brashi. Aliyemwagilia mchicha, akauona ulivyolala saa nane na kuinuka jioni, hachori jani kama kijiko.

*Rangi ya baiskeli bado inafaa? (Mwenge)*

Inafaa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alichukua kilichokuwepo: rangi hiyo na vipande vya hadubodi. Inang'aa na unyevu hauisumbui. Ichanganyie nje, si chumba wanacholala watoto. Na kwa kuwa tumemtaja: alifariki 1972. Kuna watu wamenakili wanyama wake kwa miaka mingi kuliko yeye alivyowachora, na wakati huo dirishani kwao kuna kunguru ambaye hajawahi kuchorwa.

*Mwanangu wa miaka minne anapenda kuchora. Nimtafutie kozi gani?*

Mtafutie mchanga na kijiti.

*Wapi mjini naweza kuchora kwa utulivu? (Ilala)*

Bustani ya Mimea, pale Samora, jirani na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Imemegwa, kimebaki kipande. Wahi asubuhi, omba ruhusa, na kambi za jeshi usizielekezee ubao wako. Nanyi mnaokata miti ya mikungu ili mpate pa kuegesha magari, kivuli mtakichora wapi?

*Monet, yule mchoraji wa Ufaransa, alikuwa na bustani yake. Sisi wapangaji tufanyeje? (Mbagala)*

Hata yeye alihamia kijiji cha Giverny mwaka 1883 akiwa mpangaji. Nyumba aliinunua 1890. Alipanda kwanza, akachora alichopanda karibu mpaka kifo chake, 1926. Ndoo iliyopasuka unayo? Itoboe chini maji yasituame, changanya udongo na samadi iliyooza, panda asumini. Mwenye nyumba akiuliza, mwambie utahama nayo.