Dunia ya Mchezo Hujengwa Pale Mchezaji Anapolazimika Kuamua

Wanaoanza kuendesha michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile ya mapanga, majoka na uchawi ambamo mwendeshaji husimulia dunia, kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua mambo yenye shaka, huuliza swali moja kuliko mengine yote: dunia ya mchezo ijengwe kuanzia wapi? Wengi wao huwa wamekwisha kuanza. Wana ramani ya bara zima, orodha ya wafalme tangu ulimwengu ulipoumbwa, nasaba ya miungu na kalenda yenye miezi yake, na bado kikao cha kwanza kinapokaribia hawajui wachezaji watafanya nini wakishaketi. Baada ya miaka mingi ya kuendesha michezo hii nimefikia msimamo mmoja, nao ndio ninaoutetea hapa: jambo lolote unaloliandika kuhusu dunia yako lina thamani kwa kadiri linavyompa mchezaji kitu cha kuamua. Vita vilivyopiganwa miaka elfu iliyopita havina faida mezani iwapo leo hakuna lango lililofungwa, deni lisilolipwa wala ndoa iliyokatazwa kwa sababu ya vita hivyo.

Historia ya mchezo wenyewe inamtia moyo anayeanza na kidogo. Dungeons & Dragons, uliofungua njia kwa michezo mingine ya aina hii, ulitoka Marekani mwaka 1974, na walioubuni ni Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mmoja wao alikuwa na dunia aliyoiendesha kwa marafiki zake: Arneson alikuwa na Blackmoor, Gygax alikuwa na Greyhawk. Kitovu cha kila moja kilikuwa ngome, na chini ya ngome hiyo mahandaki ya kuchunguza. Mengine yaliongezeka kadiri watu walivyoendelea kucheza.

Kwa hiyo anza na mji mmoja, tena mdogo, na ujibu maswali matatu tu kuuhusu. Wakazi wake wanaishi kwa kazi gani? Wanaogopa nini? Na wanagombania nini wao kwa wao? Majibu hayo yakiwa mahususi, mengine yote unaweza kuyabuni papo hapo bila kujikanganya, kwa sababu kila utakachobuni kitatokana na mizizi hiyo mitatu. Jibu la kwamba wanaogopa mazimwi ya msituni halitoshi. Hofu inayofaa ni ile iliyokwisha kuzaa desturi, sheria au chuki inayoonekana kwa macho.

Nitatoa mfano kutoka kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya kisa kimoja, niliyoiendesha. Mji wa Sharumi umejengwa kwenye daraja la mawe, na wakazi wake wanaishi kwa ushuru wa daraja hilo. Wanachokiogopa ni wafu waliofufuliwa. Sikuwasomea wachezaji maelezo yoyote ya historia. Walipofika langoni, mlinzi aliweka chini sinia pana lenye majivu yaliyosawazishwa kwa ubao, akamtaka kila msafiri avue viatu na kukanyaga, kwa kuwa huko inaaminika kwamba aliyekufa akarudi haachi unyayo. Sasa, mmoja wa wahusika, aitwaye Kethu, alikuwa amekufa pangoni vikao kadhaa nyuma na kurudishwa na kuhani. Mezani pakawa kimya. Mmoja akapendekeza wamhonge mlinzi, mwingine akasema wavuke mto usiku kwa kuogelea, na mchezaji wa Kethu akauliza kwa sauti ya chini kama unyayo wake ungeonekana. Niliwaambia kwamba hakuna ajuaye mpaka ajaribu. Akakanyaga. Vidole vilijichora vyema, kisigino hakikuonekana kabisa. Mlinzi aliinua macho, akamtazama, akasawazisha majivu bila kusema neno, na kuanzia hapo kundi zima lilikuwa na deni kwa mtu ambaye halikulijua hata jina lake.

Sinia la majivu huandikwa kwa mstari mmoja, lakini kwa mstari huo wachezaji walielewa hofu ya mji, nguvu ya sheria yake, na kwamba sheria hiyo ina watu ndani yake wanaoweza kuamua kuifumbia macho. Walielewa hayo kwa kutenda, si kwa kusimuliwa. Ninapoandaa mahali papya huwa natafuta sinia la namna hiyo kabla ya kutafuta jina la mfalme.

Uchawi ndio unaohitaji fikra za kina zaidi, na ndiko waandaaji wengi wanakopita mbio. Ukikubali sheria za mchezo fulani, umekubali pia matokeo yake katika maisha ya watu. Chukua toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014. Humo kuhani mwenye uwezo wa kutosha anaweza kumrudisha mtu aliyekufa ndani ya siku 10, ila tendo hilo linateketeza almasi yenye thamani ya vipande 500 vya dhahabu. Kaa na kanuni hiyo moja jioni nzima. Anayeshika machimbo ya almasi ameshika uhai wa matajiri. Muuaji wa kukodiwa anayejua kazi yake hataishia kuua, bali ataficha maiti mpaka siku zipite. Warithi watagombana kuhusu iwapo baba aliyerudi bado ndiye mwenye mali, au urithi ulikwisha kugawanywa kihalali. Maskini watakuwa na maneno yao kuhusu kuhani anayehubiri huruma mbele ya jeneza la mtoto huku almasi zimefungiwa sandukuni. Hayo yote ni mambo ya kuchezwa, na hakuna hata moja lililohitaji kurasa za historia.

Kanuni nyingine ya toleo hilohilo humwezesha kuhani kuumba chakula na maji ya kuwatosha watu 15 kwa siku nzima. Kuhani aliyefikia ngazi ya tano ya uwezo anaweza kuifanya mara mbili kwa siku, yaani watu 30. Ngome yenye askari 29 na kuhani mmoja haishindwi kwa njaa. Adui mwenye akili, basi, hatazingira; atamtafuta kuhani. Mara moja umepata kisa: mtu mmoja ndani ya ngome ambaye kila upande unamhitaji akiwa hai au akiwa maiti, na wachezaji wameajiriwa kumlinda bila kuambiwa kwa nini.

Baada ya mahali na kanuni zake, dunia inahitaji watu wenye haja zao. Namaanisha makundi mawili au matatu yanayotaka vitu visivyoweza kupatikana kwa pamoja, kila kundi likiwa na mtu mmoja mwenye sura, sauti na hatua inayofuata. Sharti langu ni kwamba makundi hayo yaendelee na shughuli zao hata wachezaji wasipojishughulisha nayo. Chombo kizuri kwa kazi hii ni saa ya maendeleo, iliyoonekana katika mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010 na kupata umaarufu zaidi kupitia Blades in the Dark wa mwaka 2017. Chora duara, ligawe sehemu sita, andika juu yake kitakachotokea likijaa. Pale Sharumi duara langu liliandikwa kwamba mtoza ushuru mkuu anaiuza haki ya daraja kwa jeshi la kigeni. Kila wachezaji walipopoteza muda au kushindwa jambo muhimu, nilijaza sehemu moja, na kila sehemu ilikuwa na ishara ya kuonekana mjini: wageni wenye mabonge ya nta yaliyopigwa mihuri, bei ya nafaka kupanda, walinzi wa zamani kuachishwa kazi usiku. Ishara ni lazima. Duara linalojaa kimyakimya ndani ya daftari halimpi mchezaji nafasi ya kulizuia, na akifikiwa na balaa ambalo hakuwa na njia ya kuliona, ana haki ya kuhisi kwamba ameonewa.

Kuhusu ramani nitasema machache. Chora eneo la mwendo wa siku mbili au tatu kutoka mji wa kwanza, na uache kando iwe tupu. Toleo la tano linamkadiria msafiri wa miguu maili 24 kwa siku, karibu kilomita 39. Kijiji ambacho watu wake huenda mnadani na kurudi siku hiyohiyo hakiwezi kuwa mbali kuliko nusu ya mwendo huo. Ukizingatia hilo, umbali utaanza kuwa na maana: kulala porini kutakuwa uamuzi, na farasi atakuwa mali.

Dadu nazo ni sehemu ya ujenzi wa dunia, ingawa wengi huzihesabu kama jambo la kanuni tu. Ukirusha dadu mbili za pande sita na kujumlisha, kuna michanganyiko 36. Jumla ya 7 hutokea kwa sita kati yake, ilhali 2 na 12 hutokea kwa mmoja mmoja. Maana yake ni kwamba orodha ya mambo yanayoweza kukutwa njiani, ukiiandika kuanzia 2 hadi 12, ni picha ya eneo lenyewe. Namba 6, 7 na 8 kwa pamoja huchukua michanganyiko 16, takribani asilimia 44, kwa hiyo pale ndipo pa kuweka maisha ya kila siku ya eneo hilo: wachunga mbuzi, doria, mahujaji. Joka likae kwenye 2. Wachezaji wakizunguka vya kutosha watajua wenyewe, bila kuambiwa, kwamba barabara hii ni ya wafanyabiashara na bonde lile ni la mbwamwitu.

Hesabu hiyohiyo inaonya kuhusu kurusha dadu ovyo. Mhusika anayeongeza 5 kwenye namba ya dadu ya pande 20, na anayehitaji jumla ifike 15, ana nafasi ya asilimia 55. Ukiwaruhusu wachezaji watano wenye uwezo huo wajaribu mmoja baada ya mwingine kusikiliza mlangoni, nafasi ya angalau mmoja wao kufanikiwa ni asilimia 98, na mlango hauna siri tena. Mimi huomba mtu mmoja ajaribu na mwenzake amsaidie, ambapo atarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Nafasi hupanda hadi karibu asilimia 80, bado shaka ipo, na wawili hao wamefanya jambo kwa pamoja. Zaidi ya hayo, dadu isirushwe kabisa iwapo kushindwa hakuzai chochote. Kama kufuli lisipofunguka kundi litakaa tu ukutani, basi lifunguke, na swali liwe kama limefunguka kabla ya doria kurudi.

Kwa sababu hiyohiyo, habari ambayo kisa hakiwezi kuendelea bila hiyo isifichwe nyuma ya dadu moja. Justin Alexander, mwandishi anayejulikana kwa miongozo ya uendeshaji, amehimiza kuwa kila hitimisho unalotaka wachezaji walifikie liwekewe vidokezo vitatu. Naiona kuwa kanuni yenye manufaa kuliko nyingi nilizozisoma, kwa kuwa kidokezo cha kwanza watakipita, cha pili watakifasiri vingine, na cha tatu ndicho kitakachowafikisha.

Yapo mambo ya mezani yasiyohusu dunia ya kubuni, lakini yasipokuwepo dunia hiyo haitadumu. Kabla ya kikao cha kwanza, kaeni pamoja mkubaliane ni mambo gani hayataingia mchezoni kabisa, na yepi yatatajwa kwa mbali bila kuelezwa. Anayesita kusema mbele ya wote apewe njia ya kukuambia faraghani. Jambo hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mchezaji anayejilinda dhidi ya masimulizi yako hawezi kuyafungulia moyo. Vilevile mwangalie mchezaji mkimya. Usimlazimishe kuhutubia, mpelekee mtu wa dunia yako anayemhitaji yeye na si mwingine, kama barua yenye jina la mhusika wake, au mtoto anayemfananisha na dada yake aliyepotea. Unapoeleza mahali, toa mambo mawili ya hisi na kitu kimoja kinachoweza kuguswa au kutumiwa, kisha nyamaza uwasikilize. Maelezo marefu huwafanya wachezaji wasahau mwanzo kabla hujafika mwisho.

Kikao kikiisha, kabla hawajainuka, waulize wanakusudia kwenda wapi mara ijayo na wakubaliane mbele yako. Halafu andika siku hiyohiyo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi, wameahidi nini na kwa nani, wamemdhuru nani, na wameuliza swali gani ambalo bado halina jibu. Maswali yao ndiyo orodha yangu ya kazi. Wakisema wataufuata mto kuelekea chanzo chake wamtafute aliyewauzia walinzi majivu, basi wiki nzima naandaa mto huo, vivuko vyake na mchoma makaa mmoja anayejua mambo mengi, na milima ya upande wa pili nitaiacha kama ilivyo, majina tu kwenye ramani, hadi mtu mezani aonyeshe kwa kidole na kuuliza kuna nini kule.