Kiwewe na uraibu wa opioidi
Je, uraibu wa opioidi, yaani heroini, mofini na jamaa zake, ni tamaa tu? Hapana; uhusiano wake na kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na mambo ya kutisha, umepimwa. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu madhila ya utotoni, ulioanza kuchapishwa 1998, ulionyesha kuwa waliopitia aina 5 au zaidi za madhila, kama vile kupigwa, kunajisiwa au kutelekezwa, walikuwa na uwezekano mara 7 hadi 10 zaidi wa kupata matatizo ya dawa za kulevya. Kwa nini opioidi? Mfumo uleule wa ubongo unaotuliza maumivu ya mwili hutuliza pia hofu na upweke. Dawa ikiisha mwilini, wasiwasi hurudi kwa ukali zaidi, maana arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, yenyewe huamsha homoni za mfadhaiko. Ndiyo maana kumfungia mtu ndani wiki moja ili aache dawa kisha kumwachia ni hatari kweli: uwezo wa mwili kuhimili dawa umeshashuka, akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua. Methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu huu, iendelee huku kiwewe kikitibiwa, kimoja kisisubiri kingine. Ila si kila aliyeumizwa huwa mraibu. Urithi na wepesi wa kuipata dawa navyo huchangia.