Mcheri wangu umefifia gome, niusugue?

SWALI: Shkamoo anko. Niko Leicester huku Uingereza, miaka mitatu iliyopita nilinunua ule mcheri wa Tibet, mti wa cheri wa mapambo, kwa ajili ya gome lake tu, pale dukani lilikuwa linang'aa kama sufuria ya shaba. Saivi limefifia, upande wa kaskazini limeota ukijani alafu linabanduka banduka, watoto wanalichuna. Mume wangu anataka akate matawi ya chini hii Desemba. Na mama yuko Arusha, anataka nimpelekee mche. Nisaidie. – Mama Zuu

JIBU: Marahaba binti. Kwanza mkwe wangu aweke msumeno chini! Micheri haikatwi winta, baridi na unyevu ndo wakati vimelea vya ugonjwa wa jani la fedha vinapenyea kwenye kidonda, asubiri Juni hadi Agosti, siku kavu, akate taratibu.

Gome kubanduka ni kawaida yake, shina likinenepa lile la juu linachanika kwa upana kama utepe mwembamba, na chini yake ndo kuna ile rangi ya shaba uliyoilipia hela. Kilicholegea kikitoka chenyewe kwenye kiganja sawa, kikigoma kiache, ukilazimisha unafika kwenye gome bichi na mti unaanza kutoa gundi. Watoto wape kazi nyingine. Ukijani ni mwani tu wa kivuli na mvua za huko, chukua sponji laini na maji ya uvuguvugu, osha shina kama unaosha mgongo wa mtoto, bila sabuni wala brashi ya waya. Alafu angalia kama kuna kichaka kinauzibia jua maana mti huu unataka jua kwelikweli, na ardhi isiyotuamisha maji. Maua yake madogo meupe ya Aprili usiyategemee sana, huu si mcheri wa Kijapani, uliletwa Uingereza 1908 na Ernest Wilson kutoka magharibi mwa China na watu wanaupandia shina.

Mama mwambie ukweli, bila baridi kali ya winta mcheri huo hauamki vizuri, na mche kwenye begi bila vibali utaishia airport. Tena huko kwao kuna ndugu wa mti huu, mkondekonde wa milimani, gome lake jeusi linakwaruza na linatafutwa kwa dawa ya tezi dume mpaka biashara yake ikawekewa udhibiti wa kimataifa 1995. We mpigie picha tu ya shina lako, Januari saa tisa mchana, jua likiwa chini.